Hummus ya rangi ya waridi na dengu za bibi

Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wengine wenu mmeshaanza kuniuliza kama nimewasahau. Sijawasahau jamani. Zamu zimekuwa nyingi, na ukitoka zamu ya usiku miguu inadai kitanda, haidai kalamu. Leo nina mapumziko. Nimeinjika dengu jikoni, na wakati zinachemka nimeona nikae niwasimulie habari ya chakula kimoja kilichonitia aibu kazini, halafu kikanifanya nisome historia ambayo sikuwahi kufundishwa shuleni.

Chakula chenyewe kinaitwa hummus. Mliowahi kukaa Muscat au Dubai mnakijua. Kwa ambao hamjakiona: ni dengu zilizochemshwa mpaka zikalainika kabisa, zikasagwa pamoja na tahina (yaani ufuta uliosagwa ukawa mzito kama siagi ya karanga), maji ya limau, kitunguu saumu na chumvi. Inapakuliwa kwenye sahani bapa, inamwagiwa mafuta ya zeituni juu, na watu wanachovya mkate. Hapa Uingereza utaikuta kila supamaketi, na miaka ya karibuni imeanza kuvaa rangi: ya waridi kwa bitiruti, ya machungwa kwa karoti au boga, ya kijani kwa majani. Watoto wanaipenda kwa rangi yake, na wazazi wanaipenda kwa sababu mtoto anakula mboga bila kujua.

Basi bwana, wodini kwetu tuna kawaida, mara moja moja kila mtu analeta chakula cha kwao tunakula pamoja wakati wa mapumziko. Wafilipino wanaleta tambi zao, Wahindi wa Kerala wanaleta biriani, Wanaijeria wanaleta wali wao mwekundu na hapo hapo wanaanza kubishana na Waghana. Mimi miaka yote napeleka maandazi. Mara hii nikataka kuwa mjanja. Nyumbani nilikuwa na bitiruti mbili na kopo la maharage meupe. Nikasaga vyote, nikatia kitunguu saumu na limau, ikatoka rangi ya waridi kali kama khanga mpya. Nikabandika karatasi: "Hummus ya bitiruti". Nikajiona mpishi.

Akaja dada mmoja mfamasia. Amezaliwa hapa hapa Uingereza lakini ukoo wao ni wa Gaza. Akachovya mkate, akala, akachovya tena. Kisha akaniambia, "Ni tamu sana. Lakini dada yangu, hii si hummus." Nikacheka, nikidhani ananitania. Akaniuliza, "Umeweka dengu?" Nikasema hapana, maharage. "Tahina je?" Hapana. Akasema kwa upole kabisa, "Kwetu neno hummus maana yake ni dengu. Bila dengu ni kitu kingine. Kitamu, lakini ni kitu kingine."

Kusema kweli niliona anakuza mambo. Chakula si chakula tu? Lakini kwenye basi nikirudi nyumbani nikawaza kisamvu. Mtu akikupikia mchicha kwa nazi akakuambia ni kisamvu, utamkubalia? Mchicha wake utaula na ahsante utatoa, lakini kisamvu ni majani ya muhogo, basi. Nikaona aibu kidogo. Nikasema hebu nisome, nijue nilichokuwa nakiita hummus kilitoka wapi. Na nilipoanza kusoma nikakuta mambo yanayofika mpaka shambani kwa bibi yetu Shinyanga.

Tuanze na dengu yenyewe. (Ndugu zetu wa Kenya tusichanganyane: ninyi mkisema ndengu mnamaanisha zile ndogo za kijani ambazo sisi tunaziita choroko. Ninayoisema mimi ni ile yenye ncha kama mdomo wa ndege, ambayo unga wake tunakaangia bajia.) Mmea wa porini ambao dengu ilitokana nao bado unaota kwenye milima ya kusini mashariki mwa Uturuki. Watu wa sehemu hizo, pamoja na kaskazini mwa Syria, walianza kuilima kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Ni rika moja na ngano, shayiri na adesi, yaani iko kwenye kundi la mazao ya kwanza kabisa ambayo binadamu aliyalima. Kutoka huko ikasambaa mpaka Misri, Ethiopia, Ugiriki, Roma na India. Warumi waliiita cicer, na Cicero, yule msemaji wao maarufu, jina lake linatokana na dengu. Plutarch aliandika kwamba babu mmoja wa ukoo huo alikuwa na alama kwenye ncha ya pua kama mgawanyiko wa dengu. Kumbe hata Warumi walikuwa wanapeana majina ya utani kama sisi!

Leo India ndiyo inayolima dengu nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Na dengu ziko za aina mbili kubwa. Kuna zinazoitwa kabuli, kubwa, nyeupe, ganda laini. Hizi ndizo za hummus. Halafu kuna desi, ndogo, za kahawia, ganda gumu. Hizi ndizo zinazokobolewa na kusagwa unga wa bajia. Za kwetu Tanzania nyingi ni hizi desi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Ufuta nao una kwao, na si huko. Ulianza kulimwa Bara Hindi, na mbegu zake zilizoungua zimechimbuliwa kwenye magofu ya Harappa, mji wa zamani sana wa bonde la mto Indus. Kutoka huko ukaenda Mesopotamia na Misri kwa sababu ya mafuta yake. Sisi wenyewe tumelificha jambo hilo ndani ya lugha yetu: ufuta, mafuta, ni neno moja. Kwa hiyo kwenye bakuli la hummus dengu ya Uturuki na Syria imekutana na ufuta wa India. Mazao mawili ya nchi mbili tofauti yalihitaji wafanyabiashara na wapishi wa maelfu ya miaka mpaka yakae kwenye sahani moja.

Sasa ni nani aliyeyachanganya kwanza? Hapa ndipo watu wanapogombana. Wengine wanaisaka hummus mpaka kwenye vitabu vya dini na kwa Mafarao, lakini maandishi ya mapishi yanayofanana nayo ni ya zama za kati. Kipo kitabu kilichoandikwa Cairo karne ya 14, Kanz al-fawaid fi tanwi al-mawaid, ambacho msomi mzaliwa wa Iraq, Nawal Nasrallah, amekitafsiri kwa Kiingereza. Humo mna dengu zilizosagwa na kuliwa baridi, zikatiwa siki, limau la achari, viungo, majani na mafuta. Tahina hamna. Kitunguu saumu hamna. Kitabu kingine cha zama hizo kina dengu zilizopondwa pamoja na tahina na siki, lakini kimejaza humo viungo na kokwa za kila aina. Ukisoma unaona kabisa wapishi walikuwa bado wanajaribu. Hakuna mtu mmoja aliyeamka asubuhi akabuni hummus. Ilipikwa na watu wa Sham, yaani Syria, Lebanon, Palestina na Jordan za leo, pamoja na Misri, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikatulia kwenye vitu vinne vitano tunavyovijua.

Hilo limau la achari lilinifurahisha kwa sababu lilinirudisha pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, halafu akateremka mpaka Kilwa. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli wenye kitoweo juu yake, ndizi zilizopikwa kwenye maziwa, na pembeni maziwa mgando pamoja na limau za achari, tangawizi mbichi na maembe. Karne hiyo hiyo ya kitabu cha Cairo! Sisemi kwamba Mogadishu walikula hummus, hilo halimo. Nasema watu wa pwani yetu na watu wa Cairo walikuwa wanaujua uchachu ule ule wa limau lililokaa kwenye chumvi. Ukienda Unguja leo ukaagiza chakula ukaletewa achari ya ndimu pembeni, jua kwamba hayo mambo si ya jana.

Tuje kwenye rangi, maana ndiyo iliyoniponza. Mboga tunazotumia kuipaka hummus rangi nazo ni wasafiri. Bitiruti imetokana na mmea wa porini unaoota kando ya bahari, Mediterania na pwani za Ulaya. Watu wa zamani walikula zaidi majani yake kama tunavyokula matembele. Ule mzizi mnene mwekundu tunaoujua ulikuja kupata umaarufu Ulaya kuanzia karne ya 16. Karoti za mwanzo, huko Afghanistan na Uajemi, zilikuwa za zambarau na za njano. Hii ya rangi ya machungwa ilishamiri Uholanzi karne ya 17. Pilipili hoho na boga ni watu wa Amerika. Hazikuonekana Sham wala kwetu mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492, sawa na mahindi na muhogo ambavyo Wareno walivileta Afrika.

Nilipofika hapo nikasimama kidogo. Maana ugali wa mahindi ndicho chakula ambacho kila Mtanzania aliye ughaibuni anakililia, na mahindi yenyewe hayakuwahi kuonekana kwetu kabla ya Wareno. Hata jina lake, mahindi, linaonyesha babu zetu walijua ni kitu cha kuja, ila walidhani kimetoka kwa Wahindi. Je, ugali si wetu? Ni wetu kabisa. Umekuwa wetu kwa sababu tumeusonga miaka mia na mia, tumezikia nao, tumeozea nao. Basi na hummus ni ya wale walioipika hivyo hivyo. Chakula hakihitaji kuwa kimezaliwa uani kwako ndiyo kiwe chako, lakini anayetaka kukichukua leo aulize kwanza kwa wenyewe.

Nikamrudia yule dada mfamasia nikamwomba anifundishe. Alifurahi sana. Akaniambia kwao kuna chakula cha bitiruti zilizosagwa na tahina, limau na kitunguu saumu, na kina jina lake: mutabbal shamandar. Shamandar ndiyo bitiruti. Cha bilinganya kina jina lake. Cha pilipili nyekundu na jozi, kinachosifika kwa watu wa Halab, kinaitwa muhammara, yaani kilichotiwa wekundu. Kwa hiyo rangi si uvumbuzi wa supamaketi za Uingereza. Wenyewe walikuwa na rangi zote zamani, ila kila rangi ilikuwa na jina lake.

Halafu akanisimulia habari ya tahina nyekundu. Kwingine ufuta hukaangwa kidogo tu, tahina ikatoka nyeupe. Gaza wana namna yao: ufuta unakaangwa mkavu muda mrefu, polepole, mpaka tahina inatoka na wekundu kama wa matofali na harufu nzito kama ya karanga za kukaanga. Bibi yake aliibeba kwenye chupa za plastiki kila alipokuja kuwatembelea. Nikamuuliza naweza kuipata wapi. Akanyamaza. Akasema tangu vita vilipoanza Oktoba 2023 hajui kama ile mashine ya kusaga ufuta ya mtaani kwa bibi yake ingali imesimama. Hapo nikaelewa kwa nini siku ile alinisahihisha. Kwake lile neno si jina la kopo. Nyumba ikibomoka na mtaa ukafutika, kinachobaki kwa mtu ni jina la chakula na mkono unaojua kukipika. Nami nilikuwa nimelibandika kwenye bakuli la maharage.

Ilifikaje hummus mpaka Uingereza? Kwa sehemu kubwa ililetwa na watu kama sisi, wahamiaji. Cyprus ilikuwa koloni la Waingereza mpaka 1960, na Wasaiprasi wengi walihamia London wakafungua migahawa na maduka ya vyakula. Kwenye migahawa hiyo Waingereza wengi walionja hummus mara ya kwanza. Mwaka 1968 Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo aliyehamia London, alitoa kitabu chake cha mapishi ya Mashariki ya Kati, na akina mama wa Kiingereza wakaanza kujaribu majumbani. Miaka ya 1980 ikaingia supamaketi, na tangu hapo ikawa kama mkate.

Biashara ilipokua, ugomvi nao ukakua. Mwaka 2008 chama cha wenye viwanda wa Lebanon kilidai kwamba jina hummus lilindwe kisheria kuwa la Lebanon, kama Ugiriki ilivyopewa jina la jibini ya feta na Umoja wa Ulaya mwaka 2002, kwa sababu makampuni ya Israel yalikuwa yanaiuza duniani kama chakula chao. Yakaanza mashindano ya sahani kubwa. Oktoba 2009 Beirut wakatengeneza sahani ya tani mbili. Januari 2010 kijiji cha Waarabu cha Abu Ghosh, kilicho ndani ya Israel, wakajibu kwa tani nne na ushee, wakaipakua kwenye dishi la setilaiti! Mei 2010 Walebanoni wakarudi na kilo 10,452. Namba hiyo hawakuiokota, eneo la Lebanon ni kilomita za mraba 10,452. Hummus hiyo ilishinda, lakini jina halikulindwa. Na katika kelele zote hizo Wapalestina, ambao nao ni wenyewe, hawakusikika sana.

Niliposoma habari hizi nilimpigia mama simu. Nikamwambia, mama, unajua Wazungu wanakula dengu za kusaga na wanachanganya na bitiruti? Akacheka mpaka akakohoa. "Dengu? Zile tulizokuwa tunauza zote mpaka za mbegu?" Maana wadogo zangu hamkuiona vizuri ile enzi. Bibi alikuwa anapanda dengu mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaonata, mvua zikiwa zinaishia na mpunga ukiwa umeshavunwa. Dengu haitaki mvua nyingi. Inakunywa unyevu uliobaki ardhini, inakomaa wakati wa jua. Mnakumbuka kuvuna? Majani yake yana uchachu unaowasha mikono, tulikuwa tunaona bibi anatunyanyasa. Gunia likijaa mchuuzi anakuja na mzani wake, na mzani wake daima uliona gunia letu jepesi. Sisi tukabaki na ugali na mlenda. Dengu tuliziita zao la biashara, kama pamba. Kuzila hatukujua, labda bajia mbili siku ya mnada.

Na mpaka leo ndivyo ilivyo. Dengu za Shinyanga, Mwanza na Simiyu nyingi zinapakiwa kwenye magunia zinaenda nje, India na jirani zake. Ufuta wa Lindi na Mtwara unanadiwa kwa stakabadhi ghalani, unapanda meli kwenda Asia. Tunalima vitu viwili vinavyotengeneza chakula kinachouzwa dunia nzima, na sisi wenyewe hatuli. Hatari ya kulima tusichokula tuliiona kwa mbaazi. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei kwa wakulima wetu ilianguka vibaya, na watu walibaki na magunia ndani. Pwani angalau wana mbaazi za nazi na mahamri. Sisi wa bara na dengu zetu tungefanyaje? Ndiyo maana nawaandikia hivi kwa urefu. Mkijua kuzila, mnunuzi akigoma hamtalala njaa, na akija na mzani wake mbovu mnaweza kumwambia aende zake.

Haya, tuingie jikoni. Hii ndiyo hummus ya bitiruti, safari hii kwa kibali cha wenyewe.

Chukua dengu kavu kiasi cha gramu 250, loweka usiku kucha kwenye maji mengi, maana zitavimba mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, injika kwa maji mapya na nusu kijiko cha chai cha bekingi soda. Nyumbani magadi kidogo yanafanya kazi ile ile, kama mnavyofanya kwenye makande. Chemsha saa moja au saa moja na nusu mpaka ukiibonyeza kwa vidole isagike. Kisha suuza vizuri, na hapa msifanye haraka: soda ikibaki itaharibu rangi ya bitiruti iende kwenye unjano. Kwa dengu zetu zile ndogo za kahawia, ganda lake litawasumbua. Nunueni zilizokobolewa na kupasuliwa. Zinaiva haraka na zinasagika laini.

Bitiruti moja ya ukubwa wa ngumi usiimenye wala usiikate kabla ya kuipika, itatoa rangi yote kwenye maji. Ioke nzima kwenye oveni, au ifukie kwenye majivu ya moto kama viazi, au ichemshe na ganda lake. Ikiiva ganda linatoka lenyewe. Ya karoti au boga rangi yake inapenda mafuta, kwa hiyo oka na mafuta kidogo. Ya kijani, tumia giligilani au mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto mara moja, na limau utie mwisho kabisa wakati wa kula, kwa sababu uchachu ukikaa na majani unayageuza kahawia. Bitiruti ni kinyume chake, limau linaisaidia kushika rangi.

Tahina huko si rahisi kuipata, lakini ufuta upo. Kaanga kikombe kimoja kwa moto mdogo mpaka unukie, usiungue, utachacha kwa uchungu. Twanga au saga na mafuta kidogo mpaka uwe laini. Sasa saga dengu, bitiruti, vijiko vikubwa vinne vya tahina hiyo, maji ya limau moja, punje moja ya kitunguu saumu na chumvi kidogo (kidogo jamani, presha hizi nazipima kila siku). Ongeza maji ya baridi sana kijiko kimoja kimoja mpaka ilainike. Blenda hamna? Kinu kipo. Waliokula hummus ya Cairo karne ya 14 hawakuwa na umeme. Mnaweza kuila na chapati, na mkate wa ufuta, hata na muhogo wa kuchemsha. Nimejaribu na muhogo, ni hatari.

Mambo mawili ya kinesi kabla sijaondoka. La kwanza: baadhi ya watu wakila bitiruti mkojo unatoka mwekundu siku hiyo. Nimewaona wagonjwa wamekuja wamepauka kwa hofu, kumbe ni chakula cha jana. Kama umekula bitiruti, tulia, kunywa maji, uone kama umerudi kawaida baada ya siku moja au mbili. Kama hukula bitiruti, au wekundu hauishi, nenda hospitali usinisubiri mimi. La pili: ufuta unawadhuru watu wengine, wanavimba midomo na kubanwa pumzi. Hapa Uingereza umo kwenye orodha ya vyakula 14 ambavyo lazima vitajwe kwenye chakula. Ukimkaribisha mgeni mwambie kuna ufuta ndani.

Wiki mbili zilizopita ilifika tena siku ya kula pamoja wodini. Nilipeleka mabakuli mawili. Moja la waridi, nikabandika karatasi: "Hummus ya bitiruti: dengu, ufuta, bitiruti, limau". La pili nililitengeneza kwa mbaazi na tui la nazi kidogo, manjano ya boga juu yake. Hilo sikuliita hummus. Niliandika "Mbaazi za kusaga". Yule dada mfamasia alianza na la waridi, akafumba macho kidogo, akasema, "Ndiyo, hii sasa." Kisha akachovya la pili, akasoma karatasi polepole, m-ba-a-zi, akaniuliza, "Hii ni ya kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nimfundishe kuitamka sawasawa kabla hajamwambia mama yake.

Dengu zangu zimeiva, nazisikia zinatokota. Mama, ukisoma hii, usiuze gunia lote mwaka huu. Acha debe moja ndani. Nikija likizo tutasaga pamoja, na bibi ataonja kwanza.

Nawapenda wote. Wenu, dada wa ughaibuni.